Amana ya Farasi

Cheti changu kilikuwa na muhuri wa rangi ya dhahabu na utepe mwekundu, na mimi, Nicodemus Kyalo, daktari wa miaka ishirini na tisa, nilikipenda kuliko nilivyompenda msichana niliyekuwa nikimwandikia barua Machakos. Nilikipeleka Makadara ya Mombasa kikatiwa plastiki. Fundi aliniuliza kama ni cha ndoa.

Kilisema kwamba nimehitimu mafunzo ya kupima akili za watu kwa ajili ya mahakama. Hakikusema kwamba mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku tano katika hoteli moja ya Nairobi, kwamba mkufunzi alitufundisha siku mbili kisha tumbo likamshika, na kwamba siku tatu zilizobaki tulipimana sisi kwa sisi baada ya chakula cha mchana. Mimi nilipimwa na daktari wa meno kutoka Nyeri. Alinikuta nina akili timamu, nami nikamkuta vivyo hivyo, tukapeana mikono.

Hayo yalikuwa mwaka 1994. Mwezi wa Oktoba ikaja barua hospitalini kwetu kutoka mahakamani. Mtaalamu wa magonjwa ya akili alikuwa akishuka Mombasa mara moja kila miezi miwili, na shauri lilikuwa haliwezi kungoja. Mkubwa wangu akauliza nani ana karatasi yoyote inayohusu akili. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.

Mtu wa kupimwa alikuwa Bi Tumu, mwanamke wa miaka sabini na minane, mkaazi wa Kuze katika Mji wa Kale, mwenye nyumba ya ghorofa moja ambayo chini yake alikuwa na chuo cha kusomesha watoto Kurani. Mtoto wa kaka yake, Famau, aliyekuwa na duka la kanga Biashara Street, aliiambia mahakama kwamba shangazi yake amechoka akili, hawezi tena kusimamia mali yake, na akaomba aisimamie yeye. Jambo la kwanza ambalo angelisimamia ni kuiuza nyumba. Mnunuzi alikwisha kuja na futi kupima madirisha. Nikiandika kwamba bibi hana akili timamu, angehamia chumba cha nyuma ya duka na chuo kingefungwa. Nikiandika kwamba anazo, angebaki kwake. Nyumba nzima ilikaa kwenye ncha ya kalamu yangu, na nasema kweli, nilijisikia mtu mkubwa.

Katika wodi yetu palikuwa na nesi mmoja, Dama, aliyekuwa amewauguza wagonjwa wa akili miaka ishirini. Aliisoma ile barua, akanisoma na mimi.

"Daktari, ningoje Jumatano twende sote," alisema. "Au umngoje Daktari Joy ashuke kutoka Nairobi, ukae kando uone apimavyo."

"Barua imeandikwa kwa daktari," nikamjibu.

"Naona," akasema Dama, akarudi kwa wagonjwa wake.

Basi Jumatatu, tarehe ishirini na nne, nikavuka Makadara kwa miguu na kuingia Kuze na faili kwapani. Nilipotea mara tatu katika vichochoro, na mara zote tatu niliulizwa nakwenda kwa nani, nikaelekezwa, nikaulizwa na hali ya afya yangu. Nilifika nikiwa nimechelewa na nimelowa jasho.

Bi Tumu alikuwa ameketi juu ya jamvi, na mbele yake watoto kama kumi na watano, kila mmoja akisoma pake kwa sauti yake. Kelele zile mimi zilinitia kizunguzungu. Yeye alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Wewe wa dirishani," alisema bila kuinua kichwa, "rudi nyuma aya mbili. Umeruka."

Ningekuwa naijua kazi yangu, ningelifunga faili pale pale. Mtu anayesikia kosa moja ndani ya sauti kumi na tano huku akichambua mchele hana haja ya kupimwa na mimi. Lakini hilo halikuwamo kwenye orodha yangu.

"Hujambo, mama," nikasema.

"Hujambo?" Akaniangalia. "Huko utokako wazee waamkiwa hivyo?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo uketi. Kiswahili chako kimekuja na gari la moshi, lakini kimefika." Akawaruhusu watoto watoke, akasogeza ungo. "Wewe ndiye uliyetumwa na korti kuja kunitazama kichwa?"

"Ndiye. Nina cheti." Nikakitoa, maana nilikuwa nimekibeba. Akakishika, akapitisha kidole juu ya ile plastiki.

"Kizuri. Hata mvua haikipati. Umesoma kwa nani?"

"Nilisoma Chuo Kikuu, halafu..."

"Nyumba sikuuliza. Nauliza mtu."

Nikaanza kupekua faili. Akanihurumia, nadhani, kwa sababu aliendelea kwa sauti ya chini.

"Mimi nilisoma kwa Mwalimu Mwana Esha, mtaa huu huu, miaka saba. Nilipohitimu sikupawa karatasi. Alin'ambia, haya, somesha mbele yangu. Nikasomesha mwaka mzima, naye ameketi kando yangu. Nikikosa, hugonga jamvi kwa kidole, tena kimoja tu. Siku nilosomesha mpaka mwisho na kidole kisigonge, ndipo akanipa ijaza. Na ijaza ni nini? Ni mwalimu kusema, huyu nimemuona kwa mato yangu akiifanya kazi hii, mwacheni aifanye. Sasa wewe, ni nani aliyeketi kando yako ukimpima mtu?"

Nikamkumbuka daktari wa meno wa Nyeri. Nikasema muda wetu ni mchache, tuanze.

Kipimo kilikuwa cha alama ishirini. Anayepata kumi na nne na zaidi ana akili timamu, anayepungukiwa hana, ndivyo tulivyoandikiwa. Nikasoma kwenye karatasi: "Nitakutajia maneno matatu. Niwekee, halafu baadaye nitakuuliza."

"Nikuwekee? Amana, basi."

"Ndiyo. Kikapu. Ufunguo. Farasi."

Akafikiri. "Kikapu n'nacho, ufunguo n'nao. Farasi nitamfunga wapi, na nyumba haina ua?"

"Ni neno tu, mama."

"Hata liwe neno. Haya, yako kwangu. Ukija kuyataka utayapata."

Tukaendelea. Leo ni siku gani? Jumatatu, alama moja. Tarehe ngapi? "Kumi na tisa, mfungo nane," akajibu papo hapo. Mimi nilijua ni tarehe ishirini na nne Oktoba, nikaandika sufuri. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa hesabu ya mwezi tarehe yake ilikuwa sahihi kabisa, na kwamba mtaa mzima ulikuwa ukienda nayo isipokuwa mimi. Rais wa nchi ni nani? Akaniangalia, akauangalia mlango, akainama kidogo. "Mwanangu, umetumwa?" Kwa miaka ile ya wapelelezi kila mtaa, swali lake lilikuwa na akili kuliko langu. Nikaandika sufuri.

"Mia, toa saba," nikasema.

"Mia ya nini?"

"Mia tu."

"Na hizo saba zimemkosea nani hata zitolewe?"

"Hakuna, mama. Ni hesabu."

"Basi ziache zikae na wenzake."

Sufuri. Hesabu ile peke yake ilikuwa na alama tatu. Mengine aliyajibu vizuri: nyumba iko wapi, nani amemzaa nani, fundi akikuletea kiti kibovu utafanya nini. Kisha akaniletea kahawa na visheti. Visheti vile vilikuwa vya moto, na sukari yake ilikuwa imetanda kama ukungu wa asubuhi kwetu Machakos. Nilikula saba. Tukazungumza juu ya mama yangu, juu ya kwa nini sijaoa, juu ya yule msichana wa barua, ambaye Bi Tumu alisema nimwandikie mambo mengine zaidi ya cheti. Adhana ya alasiri ikatukuta hapo. Nikaaga, nikaondoka na vingine vinne nimefungiwa kwenye karatasi.

Siku ya pili ofisini ndipo nilipofika kwenye mstari wa mwisho wa fomu. *Maneno matatu, baada ya dakika tano: alama tatu.* Kalamu ikasimama. Sikuwa nimemuuliza.

Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyekwenda kumpima mtu kumbukumbu, nilizisahau dakika tano kwa ajili ya visheti. Nikaliangalia jua la nje. Nikavifikiria vile vichochoro. Nikajiambia kwamba kama angekuwa anayakumbuka, si angeyasema mwenyewe? Mtu mwenye akili si angenikumbusha? Hoja hiyo nikaiona nzuri sana, kwa sababu ilikuwa inaniruhusu kubaki nimekaa. Nikaandika: *Ameshindwa kukumbuka. Sufuri.* Jumla ikawa kumi na mbili. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri, nikavila vile visheti vinne.

Wiki sita baadaye niliitwa mahakamani. Bi Tumu alikuwa kwenye benchi la mbele ndani ya buibui lake, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kusikiliza mtoto wake akisoma. Famau alikuwa upande wa pili na wakili wake, hamwangalii. Dama aliomba ruhusa ya kazi akaja kuketi nyuma. Sikumwalika.

Wakili wa Bi Tumu alikuwa Rosebella, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole iliyonidanganya.

"Daktari, wewe una ujuzi gani wa kazi hii?"

Nikainua cheti. Jaji akakitaka, akakigeuza mbele na nyuma, kikamwakia machoni kwa ile plastiki.

"Mafunzo ya siku ngapi?" akauliza Rosebella.

"Tano."

"Kabla ya Bi Tumu ulikuwa umepima watu wangapi kwa ajili ya mahakama?"

"Mmoja."

"Alikuwa na ugonjwa gani?"

"Alikuwa daktari wa meno."

Watu walicheka, na jaji hakuwanyamazisha upesi kama nilivyotaka. Rosebella akaniuliza kama kuna mtu yeyote mwenye ujuzi aliyewahi kukaa kando yangu nikipima. Nikajua swali lile limetoka wapi. Nikasema hapana.

Hapo Bi Tumu akainua mkono.

"Bwana Jaji, samahani. Huyu daktari ana amana yake kwangu. Wiki sita sasa hajaja kuitwaa, na mimi ni mtu mzima, naogopa kufa nayo. Naomba nimrudishie mbele ya watu."

Jaji alitazama faili, akamtazama yeye, akamwambia aseme.

"Alinipa kikapu," akasema Bi Tumu. "Alinipa ufunguo. Na alinipa farasi. Kikapu na ufunguo havina taabu, lakini farasi huyu, Bwana Jaji, nimemlisha wiki sita. Namuomba aje amtwae."

Mahakama yote iliangua kicheko. Hata Famau alicheka, kisha akakumbuka yuko upande gani. Mimi sikucheka. 

Jaji alifungua ripoti yangu, akaisoma polepole. "Hapa umeandika, ameshindwa kukumbuka."

Wakili wa Famau akainuka upesi. Aliniona nazama, akanitupia kamba. "Mheshimiwa, jibu linatakiwa baada ya dakika tano, si baada ya wiki sita. Huenda siku ile hakukumbuka, kisha akaambiwa na watu. Sivyo, Daktari?"

Ilikuwa rahisi. Ningeitikia tu kwa kichwa. Nani angejua? Pale kwenye jamvi tulikuwa wawili, na mmoja wetu ndiye aliyekuwa akidaiwa hana akili. Cheti changu kingesimama, jina langu lingesimama, na yeye angekwenda kulala nyuma ya duka la kanga. Nikamwangalia Bi Tumu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamisha sikio upande wangu, na kidole kimoja cha mkono wa kulia alikuwa amekiinua kidogo juu ya goti.

"Sivyo," nikasema. "Sikumuuliza. Nilisahau."

"Nani alisahau?" akauliza jaji.

"Mimi, Mheshimiwa. Nilisahau mimi, nikaandika kwamba amesahau yeye."

Niliona haya kiasi ambacho sijaona tangu hapo, na nimekwisha kuona mengi ya kuonea haya. Jaji akamgeukia karani. "Andika kwamba aliyesahau ni shahidi." Kisha akaitupa ripoti yangu, akaamuru Bi Tumu apimwe upya na mtaalamu. "Na Daktari Kyalo aketi kando atazame," akaongeza. "Asishike kalamu."

Daktari Joy alishuka Januari. Tulikwenda Kuze sisi watatu, yeye, mimi na Dama. Alikaa na Bi Tumu muda mrefu, na hakuuliza mia toa saba hata mara moja. Alimuuliza paa likivuja humwita nani, chokaa hununua wapi na kwa nini si kwa yule wa karibu, na kama Famau angepewa nyumba ingekuwaje. Kwenye mkoba alikuwa na kalenda mbili, ya jua na ya mwezi. Nilitazama, nikaona haya tena, lakini mara hii kwa faida.

Ripoti yake ilikuwa ya kurasa sita, na ombi la Famau likatupwa. Famau mwenyewe alikwenda kumtaka radhi shangazi yake na doti ya kanga. Aliipokea, akamwambia rangi yake mbaya, akamuuliza kama bado anavyo vipimo vya madirisha, maana anataka kuyatia mapazia.

Lakini siku ile ya Januari, tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, Bi Tumu aliniita.

"Ndoo, mwanangu. Wewe uliniwekesha. Sasa na mimi nakuwekesha." Akanitajia maneno matatu. "Usiandike. Uje unirudishie Idi pili."

Maneno yenyewe ni sahani, kisima, na habari ya la tatu iko mbele.

Niliyabeba wiki sita. Niliyasema nikinyoa ndevu, niliyasema nikipanda ngazi za hospitali, niliyasema Ramadhani nzima kama mtu anayefunga. Wagonjwa wa Dama walianza kuniangalia kwa namna ambayo mimi huwaangalia wao. Asubuhi ya Idi pili nikaamka, nikasema sahani, nikasema kisima, na pale mahali pa la tatu pakawa peupe.

Nilitafuta. Nilizunguka chumba nikitaja kila kitu nilichokiona, taa, kitanda, soksi. Dama alikuwepo mlangoni siku ile na aliyasikia. Kumuuliza lilikuwa jambo la dakika moja. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa wodi yake. Nilimwona ananiona. Nikageuka, nikashika njia ya Makadara.

Bi Tumu alikuwa amevaa kanga ya Famau, ile ya rangi mbaya. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa Idi na jamvi lilikuwa tupu, isipokuwa sahani ya visheti. Hakuniuliza hali. Alinionyesha mahali pa kuketi, kando yake, si mbele yake, akakiweka kidole tayari juu ya jamvi.

"Haya. Nipe changu."

"Sahani," nikasema.

Akangoja.

"Kisima."

Akangoja tena. Nje watoto walikuwa wakipita na nguo zao mpya. Nilikuwa na orodha ya maneno ya kubahatisha, na moja lingeweza kuwa ndilo.

"La tatu nimesahau, Mwalimu," nikasema. "Nimesahau mimi."

Nilikiangalia kidole chake. Kilikaa juu ya jamvi muda mrefu, na hakikugonga. Kisha akakiondoa, akaisukuma ile sahani mbele yangu, akaniambia nile. Neno la tatu sijaambiwa mpaka leo.